Njuga si Kengele

Kasuku akikaa tunduni bila cha kuchezea hujinyonyoa manyoya. Wafugaji wanalijua hilo. Linalonishughulisha mimi ni jina tunalolitaja tunapokwenda kumnunulia. Wengi husema "mwanasesere". Mwanasesere ana sura ya mtu: huvishwa nguo, hubembelezwa, hulazwa. Kasuku habembelezi, anavunja. Ukiomba mwanasesere utapewa plastiki nyembamba yenye macho ya kubandika, na kufikia jioni macho hayo yako tumboni mwa ndege.

"Kichezeo" ni neno jema, limetoka moja kwa moja katika kuchezea, nalo litufae kama jina la jumla. Lakini lisibebe kila kitu. Kiswahili kina vitenzi vingi vya mdomo wa ndege na kazi zake: kudona, kudonoa, kuguguna, kumenya, kubanja, kupekua. Mbona hatuundi majina humo?

Kipande cha mti laini, kisichopakwa rangi wala dawa, kilichowekwa ili kimalizwe kwa mdomo, ningekiita kigugunio. "Kitafunio" kimeshahamia sahani ya chai, na kitafunio humezwa. Kigugunio huchanwachanwa kikaachwa sakafuni. Kile kinachofichwa mbegu ndani yake kiitwe kipekulio. Kuku hupekua jaani, askari hupekua nyumba, na kasuku naye apekue karatasi iliyokunjwa mpaka aupate ujira wake.

Sasa njuga. Katika vifurushi vya madukani njuga nayo huitwa kengele, na hapo ndipo ndege huumia. Kengele ina mdomo wazi na ulimi unaoning'inia. Ulimi ukifungwa imara, haina neno. Njuga, ile ya miguuni mwa wacheza ngoma, imefumba, ina ufa mwembamba na kikokoto ndani. Ukucha wa ndege huingia ufani usitoke. Wazee wetu walivitenga vitu hivi viwili kwa majina mawili. Kuyachanganya ni kutupa onyo tulilorithi bure.

Katika kamba nimependa zaidi kukaa. Methali yasema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa: kamba kuukuu yashinda ukambaa mpya. Ni kweli kwa anayefunga chombo au mzigo, ambaye anataka kisichokatika. Tunduni hukumu inageuka. Uzi wa nailoni uliofumuka hujiviringisha kidoleni, ukabana, damu isipite. Ukimezwa hujisokota tumboni. Ukambaa, msuko wa ukindu au miyaa, hukatika mapema, na udhaifu huo ndio tunaoutafuta. Basi tuache kuandika "kamba ya kuchezea" kwa ujumla. Tuseme ukambaa tukimaanisha ukambaa, na ikibidi kutumia kamba, iwe fupi, isiache kitanzi.

Kwenye madini, neno "risasi" linajieleza. Limetoka Kiarabu, nalo lina maana mbili, ile madini na ile inayotoka kwenye bunduki. Zote mbili huua ndege. Chubwi ya mvuvi, kwa hiyo, isining'inizwe tunduni. "Bati" ndilo linaloficha. Tunaposema bati tunaona paa, hatuoni zinki iliyopakwa juu yake, nayo ni sumu kwa ndege anayeitafuna. Napendekeza tuseme wazi: bati la zinki, waya wa zinki. Kinachofaa ni chuma cha pua kisichoshika kutu.

Pa kusimama ndege paitwe kitulio. Kutua ni kwa mbawa, kutulia ni kwa moyo, na kitulio kinabeba yote mawili. Kiwe utagaa wa mti wenye unene usiolingana, maana kasuku hushika kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, na mguu unaoshika unene uleule siku zote huota vidonda.

Kulabu, Mwarabu mwingine, ibaki kwa wavuvi na wachinjaji; ncha yake iliyo wazi hunasa mdomo. Kichezeo kitundikwe kwa pete inayofungwa kwa parafujo, neno tulilopewa na Wareno. "Pete ya parafujo" ni ndefu, nakiri, na fundi chuma huenda ana jina fupi zaidi kuliko langu. Mwenye nalo alilete. Nawe unayeuza vichezeo hivi, andika kwenye kibandiko chako: njuga au kengele, ukambaa au nailoni, zinki au pua.