Jumbe na Mjumbe: Nani Kamtuma Nani?

Tofauti ni herufi moja tu. Jumbe ni mtawala. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Huku kwetu Temeke jambo hili si la kamusi peke yake. Unauza kiwanja Mbagala? Umegombana na jirani kuhusu mpaka? Utaambiwa: "Nenda kwa mjumbe."

Kabla Dar es Salaam haijawa mji, palikuwa na kijiji cha Mzizima. Washomvi wa pwani hii walikuwa na majumbe wao. Lakini masimulizi yanasema Wakamba walipowavamia, walimwita Pazi, kiongozi wa Wazaramo kutoka bara. Akawafukuza, na tangu hapo Washomvi wakawa wanamlipa ada, "kanda la Pazi". Kwa hiyo jumbe alikuwa bwana kwake, lakini juu yake palikuwa na bwana mwingine. Sultani Majid alipoanza kujenga mji wake hapo miaka ya 1860, ngazi hiyo aliikuta.

Wajerumani hawakulifuta neno, waliligeuza. Jumbe akawekwa chini ya akida, na akida chini ya Mjerumani. Alikusanya kodi ya kibanda, na kuanzia 1902, katika wilaya ya Dar es Salaam, akasimamia watu wake kulima pamba kwa lazima. Jina la enzi likabaki, kazi ikawa ya kutumwa. Ndiyo maana Maji Maji ilipolipuka 1905, hasira iliwaangukia maakida na majumbe pia, si Wajerumani tu.

Baada ya uhuru, uchifu ukafutwa mwaka 1963. Miaka hiyohiyo TANU ikaleta mjumbe wa nyumba kumi. Nionavyo mimi, ile "m" ya mbele ilikuwa ahadi: huyu hatawali, ametumwa na nyumba kumi.

Ahadi imetimia? Mwaka 2020, baada ya kura za maoni za CCM, mtaani kila mtu alikuwa anatania kwamba wajumbe si watu wazuri. Tulicheka, lakini utani ule ulikuwa wa watu wanaojua wajumbe wana nguvu. Na kwenye kiwanja, ukishaandikiwa barua, mara nyingi kuna "ya soda". Si kubwa. Ila ukiitoa, jiulize: unamshukuru mtu uliyemtuma, au unalipa kanda?