Tukae Wapi? Historia ya Nakivale na Mbarara



Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, swali la "tukae wapi?" huulizwa na kila familia inayofika ugenini. Waliokimbia vita Mogadishu na Barawa mwaka 1991 waliliuliza waliposhuka bandarini Mombasa, mji ambao nyumba zake zimebanana. Waislamu wa Kongo, Burundi na Somalia huliuliza leo huku kusini-magharibi mwa Uganda: tubaki Nakivale, au tukapange chumba Mbarara? Tumeona ni vyema tuirejee historia, kwani swali hili si geni.

Mtume alipoingia Madina

Mwaka 622 Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipowasili Madina, kila ukoo wa Answaar ulimtaka ashukie kwao. Akawaambia wamwache ngamia wake apite, kwani ameamrishwa. Ngamia akapiga magoti kwenye kiwanja cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, lakini Mtume hakukubali ila kwa kukilipia. Hapo ndipo ulipojengwa Msikiti wake.

Wakati ujenzi ukiendelea alikaa kwa Abu Ayyuub al-Answaariy, ghorofa ya chini. Usiku mmoja mtungi wa maji ulivunjika juu. Abu Ayyuub na mkewe waliyakausha maji kwa blanketi lao la pekee, wakichelea yasimdondokee mgeni wao.

Nakivale ilivyoanza

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yako kando ya Ziwa Nakivale, wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Mto Rwizi hupita kwanza katikati ya Mbarara, kisha maji yake huelekea kwenye maziwa ya huku, likiwemo Nakivale. Kwa hiyo anayechafua mto mjini anamchafulia nduguye aliye kambini.

Kadiri miaka ilivyopita, wengi walitoka kambini wakaoa, wakafuga ng'ombe na kununua mashamba miongoni mwa wenyeji. Walidhani wamekwisha kuwa wenyeji. Lakini Oktoba 1982 vijana wa chama tawala cha UPC na baadhi ya viongozi wa wilaya ya Mbarara waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda, hata wale waliokuwa raia. Nyumba zilivunjwa na mifugo ikaporwa. Maelfu walivuka mpaka kurudi Rwanda, na maelfu wengine wakakimbilia kambi zilezile za zamani, Nakivale ikiwemo. Kwa familia hizo, kuchagua pa kukaa hakukuwa jambo la starehe.

Baada ya 1994 wengi wa wakimbizi hao wa kale walirejea Rwanda, na nafasi zao zikachukuliwa na wageni wapya, hasa kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Ndiyo maana leo Kiswahili husikika sana sokoni na misikitini.

Kambini au mjini?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na kufanya kazi. Hivyo mtu aweza kuhamia Mbarara, ambayo imekuwa jiji tangu Julai 2020. Mjini kuna soko kubwa, hospitali ya rufaa, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Lakini kodi ya nyumba haingoji, na mgao wa chakula hutolewa makazini. Mgao nao umepunguzwa sana tangu 2023, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa. Kwa hiyo wapo wanaogawanyika: baba yuko mjini anatafuta riziki, mama na watoto wamebaki na shamba na kadi ya mgao. Hapo mzigo wa malezi humwelemea mmoja.

Mafunzo

Hatuwezi kuwachagulia. Ila tunaona katika sira mambo matatu ya kutazama kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza. Kwanza, je, msikiti na madrasa viko karibu, mtoto aweza kwenda kwa miguu? Pili, je, makubaliano na mwenye nyumba ni ya haki na yameandikwa? Mtume hakuchukua hata kiwanja alichopewa bure. Tatu, jirani ni nani, nasi tutakuwa majirani wa namna gani? Katika vyumba vilivyobanana, maji yetu yakimwagika huingia kwa mwenzetu.

Nanyi vijana, waulizeni wazee wenu walikaa wapi walipofika, na nani aliwafungulia mlango. Yaandikeni kabla hayajasahaulika.

Tunamuomba Allaah awape makazi mema wote waliohama, na atujaalie tuwe Answaar kwa wanaokuja. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.