Udongo na Tetemeko: Ngara na Biharamulo

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliiumiza zaidi Bukoba. Mtu wa Ngara au Biharamulo aweza kudhani kuwa umbali ni kinga. Sivyo. Mwaka 1985 jiji la Mexico lilibomolewa na tetemeko lililoanzia zaidi ya kilomita 300, kwani sehemu yake kubwa yakaa juu ya tope la ziwa la kale. Wimbi litokapo mwambani likaingia udongo laini hupunguza mwendo, likaongeza kimo. Mwaka 1989 Mjapani Nakamura alieneza njia ya kuukadiria udongo huo kwa kulinganisha mitikisiko hafifu ya kila siku, ya kando na ya wima. Nayo haina gharama kubwa. Mabonde ya Ruvubu yangepimwa hivyo kabla shule hazijajengwa humo.