Waipa za pikapu ya zamani: anza na mpira, mota baadaye

Leo tunaweka mbolea na viuatilifu pembeni, tuzungumzie gari linalobeba mazao yetu. Hapa Kilolo wengi wanasafirisha njegere, viazi na nyanya kwa pikapu za zamani. Mvua zinaanza Novemba, na zikiisha unakuja ukungu wa Juni na Julai.

Msimu uliopita nilipanda pikapu ya mzee mmoja kutoka Kidabaga kwenda Iringa mjini. Mvua ilipokolea, waipa zikawa zinapaka maji kwenye kioo badala ya kuyafuta. Utingo akatoa mkono dirishani na kufuta kwa kitambaa. Mara mbili tuliwaona watoto wa shule wakiwa tayari karibu mno. Mzee akaniambia, "Afisa, nikiuza njegere hizi nabadilisha mota nzima." Nikamwomba asubiri, kwa sababu historia ya waipa inaonyesha kazi ianzie wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, mama mmoja wa Alabama, Marekani, aitwaye Mary Anderson, alitembelea New York wakati wa baridi. Aliona dereva wa tramu akifungua kioo ili aone njia, huku theluji ikimpiga usoni. Hakuwa na tofauti kubwa na utingo wetu. Anderson akabuni mkono wenye mpira, unaosukumwa kwa wenzo kutoka ndani ya gari, na akaweka kitu cha kuukandamiza mpira ugusane na kioo. Alipata hataza tarehe 10 Novemba 1903. Kampuni aliyojaribu kuiuzia wazo ilimjibu kuwa halina faida kibiashara, na muda wa hataza ukaisha bila yeye kupata kitu.

Baadaye likaja suala la nguvu. Magari mengi yalitumia mvuto wa hewa wa injini kuendesha waipa. Ubaya wake, dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapungua na waipa zinapunguza mwendo. Fikiria kupanda Kitonga kwenye mvua na waipa za namna hiyo! Mwaka 1926 Bosch ya Ujerumani ilileta waipa za mota ya umeme, na umeme ndio ulioshinda.

Mwisho likatatuliwa suala la muda. Robert Kearns wa Marekani alibuni waipa zinazofuta, zikapumzika kidogo, kisha zikafuta tena. Aliomba hataza mwaka 1964. Aliishitaki Ford kwa kutumia wazo lake, na mwaka 1990 baraza la mahakama likakubali kuwa hataza zake zilikiukwa.

Ndugu msomaji, fuata mpangilio huohuo kwenye pikapu yako:

1. Mpira. Jua la kiangazi hukausha mpira. Ukiacha michirizi au ukipiga kelele, badilisha kabla ya Novemba. Pima urefu wa ule wa zamani kwanza. Osha kioo kwa sabuni, maana mafuta na vumbi huharibu hata mpira mpya.

2. Mkono. Springi ikichoka au ikishika kutu, mpira haukandamizwi. Badilisha mkono, usifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

3. Umeme. Waipa zikienda polepole, usikimbilie mota. Fundi akague fyuzi, waya wa ethi, na viungo vinavyosukuma mikono kama vimekauka grisi. Kama mota imekufa kweli, hakikisha unajua gari lako ni la volti 12 au 24 kabla ya kununua iliyotumika. Ukiweka yenye nguvu zaidi, fundi ahakikishe waya za zamani zinaweza kuubeba umeme wake.

4. Kupumzika. Kwa ukungu wetu, rilei ya kupumzisha waipa inafaa sana, maana mpira hausugui kioo kikavu. Lakini hiyo iwe ya mwisho.

Yule mzee alibadilisha mipira miwili na mkono mmoja. Mota ni ileile ya zamani, na utingo sasa anakaa na mikono yake ndani. Kagua waipa zako wiki hii, kabla wingu la kwanza halijatanda juu ya Udzungwa.