Friji limeacha kupoza? Kagua haya kabla hujaambiwa "gesi imeisha"

Oktoba Tabora, kabla mvua hazijaanza, jua halina huruma. Unafungua friji asubuhi, unakuta taa inawaka vizuri, ila maji ni ya vuguvugu na barafu ulizogandisha za kuuza zimeyeyuka zote. Fundi anaitwa, anashika nyuma ya friji, anasema: "Gesi imeisha, tujaze."

Huenda yuko sahihi. Lakini jua hili kabla hujatoa hela: gesi ya friji haiishi kama gesi ya kupikia. Haichomwi. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyozibwa, miaka na miaka. Ikipungua, maana yake kuna mahali inavuja. Na mara nyingi tatizo wala siyo gesi, ni kitu ambacho unaweza kukiona mwenyewe.

Kwanza okoa vilivyomo

Usifungue mlango kila dakika. Friji lililofungwa hutunza baridi kama saa 4. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Nyama mbichi ambayo bado ina ubaridi, ipike leo leo. Au fanya kama wanavyofanya na dagaa wa Kigoma na michembe ya huku: kata vipande vyembamba, tia chumvi, kausha. Chakula kilichopikwa na maziwa vikikaa nje ya baridi zaidi ya saa 2, usivile. Joto likizidi nyuzi 32, hesabu saa 1 tu.

Kama unatunza insulini, ipeleke kwa jirani mwenye friji zima au kituo cha afya. Usiitupie kwenye friza. Ikiganda, haifai tena.

1. Umeme wenyewe

Friji la huku kwetu linataka volti 230 au karibu na hapo. Taa ya ndani kuwaka siyo ushahidi, kwa sababu taa huwaka hata umeme ukiwa mdogo, wakati kompresa inashindwa kuanza.

Dalili yake ni hii: jioni taa za nyumbani zinafifia, friji linavuma sekunde chache, "tak", kimya. Baada ya muda linajaribu tena. Lizime. Kuliacha lihangaike hivyo ndiko kunakounguza kompresa.

Chomeka friji moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni moja na pasi. Umeme ukikatika na kurudi, subiri walau dakika 5 ndipo uwashe, maana mgandamizo wa gesi ndani lazima utulie kwanza. Friji gadi inakusubiria yenyewe, tena inakata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi.

Friji la mtumba? Soma kibandiko cha nyuma au cha ndani. Kama kimeandikwa volti 110, usilichomeke bila transfoma.

2. Themostati

Ni kile kitufe cha namba, kwa kawaida 1 hadi 7. Siyo nyuzi joto: namba ikiwa kubwa, baridi inaongezeka. Mtoto akikigeuza hadi 0, friji linazima kabisa huku taa ikiwaka. Watu wamewahi kulipa fundi kwa hilo tu.

3. Mpira wa mlango

Bana noti au karatasi kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi inatoka hapo. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ukiwa umechanika, badilisha.

4. Vumbi na nafasi ya nyuma

Friji halitengenezi baridi, linatoa joto ndani na kulimwaga nje kupitia mabomba ya nyuma. Kiangazi cha Tabora kinajaza vumbi pale, na joto linakosa pa kwenda. Chomoa umeme, piga brashi taratibu. Acha nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani. Usiliweke juani wala karibu na jiko la mkaa.

Mafriji mengine mabomba yake yamefichwa ubavuni. Hayo ubavu kuwa wa moto kiasi ni kawaida, usiuzibe kwa vitambaa.

5. Juu linagandisha, chini halipoi

Barafu imeziba njia ya hewa, au feni ya ndani imekufa. Chomoa, acha mlango wazi hadi barafu yote iyeyuke, ikibidi siku nzima. Usichokonoe kwa kisu! Ukitoboa bomba, hapo sasa ndipo gesi itakapoisha kweli. Likifanya kazi siku chache kisha likaziba tena, mfumo wake wa kuyeyusha barafu una hitilafu. Mwambie fundi aanzie hapo.

6. Sikiliza kompresa

Ni ule "mpira" mweusi wa chuma chini kwa nyuma.

Kimya kabisa: inawezekana themostati, waya au kinga ya joto imekata.

Inavuma kidogo, "tak", inazima, na umeme uko sawa: shuku rilei au kapasita ya kuwashia. Vipuri hivi ni vya bei ndogo ukilinganisha na kompresa, kwa hiyo vipimwe kwanza.

Inaunguruma bila kupumzika, ila mabomba ya nyuma hayapati joto na barafu inashika kakona kamoja tu: hapo gesi imepungua au bomba limeziba. Mafuta mafuta kwenye maungio ni dalili ya kuvuja.

Friji lililosafiri

Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwa miguu. Reli ikaja nyuma yake, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo friji linatoka Dar kwa lori, likitikiswa njia nzima, mara nyingine limelazwa. Likifika, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuwasha. Kama lililazwa safari nzima, bora usubiri hadi kesho yake, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kama halipoi baada ya hapo, kagua nyaya na maungio yaliyolegea.

Kama kweli ni gesi

Kazi ina hatua nne: kutafuta panapovuja na kuchomelea, kubadilisha filta, kunyonya hewa yote kwa pampu, ndipo kujaza gesi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Aliyejaza bila kuziba tundu amekuuzia wiki chache tu za baridi.

Aina ya gesi nayo ina maana. Kibandiko kikisema R134a, isijazwe nyingine. Kikisema R600a, hiyo inashika moto: kazi ifanyike penye hewa, bila sigara wala jiko karibu, na isichomelewe bomba likiwa bado na gesi.

Kwa hiyo fundi akisema gesi imeisha, usibishane naye. Muulize tu: "Imevujia wapi?" Akikuonyesha mahali, mpe kazi. Akisema imeisha yenyewe tu, mshukuru, umlipe nauli yake, kisha tafuta mwingine.