Majarida ya Mbali na Makabati ya Karibu: Hazina ya JSTOR katika Utafiti wa Historia ya Kanisa Letu

Utangulizi

Mwinjili Luka, anapoanza kumwandikia Theofilo, anataja vitu viwili vilivyoitegemeza kazi yake. Cha kwanza ni habari ambazo wengine walikuwa wamekwisha kuziandika. Cha pili ni ushuhuda wa wale walioyaona mambo hayo tangu mwanzo. Hakushika kimoja akaacha kingine. Katika makala hii napenda kulifuata jambo hilo kwa habari ya utafiti wa historia ya Kanisa unaofanywa na wanafunzi wetu wa theolojia, ambao siku hizi wanaweza kusoma majarida ya kitaalamu ya dunia nzima kwa njia ya mtandao.

Nimesukumwa kuandika na tukio dogo lililotokea nyumbani kwangu Madale, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mwanafunzi mmoja, dada mwenye asili ya Kisarawe, aliniletea insha juu ya vita vya Majimaji katika nchi ya Uzaramo. Alikuwa ameiandika vizuri, na tanbihi zake zote zilitoka katika majarida aliyoyasoma kwenye simu yake. Nilimpa alama nzuri. Kisha nikamwuliza, "Katika tanbihi zako zote, ni Mkristo gani wa Uzaramo anayesema kwa kinywa chake mwenyewe?" Akapitia kurasa zake kwa muda, akajibu, "Mchungaji, hayupo." Swali lile lilimhusu yeye, lakini lilinirudia mimi niliyemfundisha.

1. Asili ya hazina hii

Hazina aliyoitumia inaitwa JSTOR. Wazo lake lilitoka kwa William G. Bowen, aliyekuwa rais wa Mfuko wa Mellon nchini Marekani. Bowen alikuwa pia mdhamini wa Chuo Kikuu cha Denison katika jimbo la Ohio, na huko aliona shida iliyovikabili vyuo vingi: majarida ya zamani yalizidi kuongezeka mwaka hata mwaka, na rafu zilikuwa zimejaa. Badala ya kujenga maktaba mpya, alifikiri heri kurasa hizo zipigwe picha na kuhifadhiwa katika kompyuta, ili maktaba nyingi zitumie nakala moja. Kazi ilianza kwa majarida kumi tu ya historia na uchumi, na mwaka 1995 JSTOR ikawa shirika linalojitegemea, lisilofanya biashara ya faida.

Ni vema tukumbuke chanzo hicho. Hazina hii haikuanzishwa kwa ajili yetu. Wenzetu walikuwa na majarida mengi kuliko rafu. Sisi tulikuwa na rafu nyingi kuliko majarida. Wale waliosoma katika miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi uhaba wa fedha za kigeni ulivyokatisha mfululizo wa majarida katika maktaba zetu. Mtu alikuta matoleo ya miaka kadhaa, kisha pengo, na toleo lenye makala aliyoihitaji lilikuwa ndani ya pengo hilo.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 2006 JSTOR ilianza kuziondolea ada taasisi za elimu zisizo za kibiashara barani Afrika. Mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, na mtandao ukaongezeka kasi. Tangu mwaka 2020 mtu binafsi aliyejiandikisha ameweza kusoma kwenye mtandao hadi makala 100 kwa mwezi bila malipo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeishi Madale au Temeke, mwenye simu na bando dogo, aweza kufungua jarida ambalo mwalimu wake hakuliona kamwe.

Namna hazina hii inavyofanya kazi nayo yafaa kujulikana. Msomaji huonyeshwa picha ya ukurasa kama ulivyochapwa, pamoja na namba yake, na kwa sababu hiyo aweza kuunukuu kwa uhakika. Nyuma ya picha hiyo kuna maandishi yaliyosomwa na mashine ili maneno yaweze kutafutwa. Tena, kwa majarida mengi, matoleo mapya huzuiliwa kwa kipindi fulani, mara nyingi miaka mitatu hadi mitano. Kizuizi hicho huitwa ukuta unaosogea, kwa maana kila mwaka husogea mbele kwa mwaka mmoja.

2. Mfano: Majimaji katika Uzaramo

Tutazame sasa faida aliyoipata mwanafunzi wetu. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, vikaenea sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya nchi yetu, na kumalizika mwaka 1907. Serikali ya Kijerumani ilikisia waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Mtanzania G. C. K. Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Uzaramo ulikuwa jirani kabisa na makao makuu ya serikali ya kikoloni, na wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamekwisha kufungua vituo Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Mwaka 1903 kazi hiyo ilichukuliwa na Misheni ya Berlin.

Makala ya kwanza aliyoisoma ni ya John Iliffe, iliyotoka katika Journal of African History mwaka 1967. Iliffe aliuliza vita hivyo viliwezaje kuunganisha watu wa makabila mengi. Alitaja manung'uniko ya wakulima, hasa juu ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kisha akaonyesha nguvu ya imani, akiihusisha dawa ya maji na ibada za kale kama ile ya Kolelo katika milima ya Uluguru, iliyoheshimiwa na Wazaramo pia. Miongoni mwa watu waliotuachia habari za Kolelo ni Martin Klamroth, mmisionari wa Misheni ya Berlin, aliyechapisha kwa Kijerumani maelezo yake juu ya dini ya Wazaramo kati ya mwaka 1910 na 1913.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1997, Thaddeus Sunseri aliandika katika jarida lilelile juu ya Uzaramo wenyewe, akaanza mahali pengine kabisa. Alitazama nyumba na shamba. Wanaume waliondoka kwenda kufanya kazi za ujira, uwindaji ukabanwa na sheria za serikali, nguruwe mwitu wakaharibu mazao, na mzigo wa njaa ukawaangukia wanawake. Kwa mtazamo huo vita havikutoka kwa nabii peke yake. Vilitoka pia katika ugomvi wa chakula na wa mamlaka ndani ya kaya. Mwaka 1998 Jamie Monson alieleza jinsi mapatano na uhasama wa zamani ulivyoongoza vita katika Nyanda za Juu za Kusini, na mwaka 2004 Felicitas Becker akaonyesha nafasi ya wafanyabiashara na wakubwa wa vijiji katika kusini-mashariki.

Lakini makala inayotugusa sisi zaidi ni nyingine ya Sunseri, iliyotoka katika History in Africa mwaka 1999. Humo anadai kwamba ile sura tuliyoizoea, ya nabii mmoja na ahadi ya wokovu unaokaribia, kwa sehemu imetokana na lugha ya dini za Ibrahimu, ambayo waandishi wa habari hizo, wamisionari wakiwamo, walikuwa nayo vichwani mwao. Mtu aweza kukubali au kukataa dai hilo. Hata hivyo, mwanafunzi wa theolojia hawezi kulipita. Linamwambia kwamba kalamu za misheni iliyotuzaa zilisaidia kuunda kumbukumbu ambayo taifa zima linaifundisha.

Mjadala wa karibu miaka 40 aliusoma kwa majuma mawili. Zamani ingembidi mtu apande meli au ndege.

3. Mipaka ya hazina hii

Pamoja na faida hizo, kuna mipaka ambayo yatupasa kuitambua.

Kwanza ni lugha. Sehemu kubwa ya yaliyomo ni ya Kiingereza. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya ibada zetu na ya vikao vyetu, ni haba sana humo.

Pili ni namna ya kutafuta. Mashine hutafuta neno kama lilivyoandikwa. Anayeandika "Majimaji" hupata mambo tofauti na anayeandika "Maji Maji". "Uzaramo" si sawa na "Zaramo", wala na "Saramo" ya Wajerumani. Tena mashine humpeleka msomaji katikati ya makala, mahali neno lilipo, naye hushawishika kuchuma sentensi moja na kuondoka. Huko si kusoma. Hoja huanza ukurasa wa kwanza.

Tatu, na hili ndilo zito, ni ukimya. Jina la mwinjilisti lisipoonekana katika majibu ya mashine, mwanafunzi hudhani kwamba mtu huyo hakuwapo, au hakuwa na maana. Lakini waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wakafundisha watoto na kuzika wafu wakati wa njaa, hawakuandika katika majarida. Habari zao zimo katika madaftari ya ubatizo, katika kumbukumbu za vikao vya wazee, katika barua, na katika vinywa vya wajukuu.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika usharika mmoja niliotumika nikiwa kijana palikuwa na sanduku la karatasi za zamani katika chumba cha kubadilishia mavazi. Kwa miaka miwili niliweka katoni za vitabu vya nyimbo juu yake. Siku nilipolifungua, mchwa walikuwa wamekwisha kula kila kitu isipokuwa majalada. Hakuna mtandao utakaonirudishia karatasi zile.

4. Mapendekezo

Napendekeza mambo manne. La kwanza, kila mwanafunzi afundishwe kuitumia JSTOR kwa utaratibu: kujaribu tahajia zote za jina, kusoma makala nzima, na kuzifuata tanbihi hadi kwenye chanzo chenyewe. La pili, insha yoyote ya historia ya Kanisa iwe na walau chanzo kimoja kisichopatikana katika majarida, kiwe cha mdomo, cha usharika, au cha Nyaraka za Taifa. La tatu, wachungaji wapige picha madaftari ya zamani ya sharika zao na kuandika mahali yalipo, kwa idhini ya baraza la wazee na kwa kulinda siri za familia. La nne, tuandike wenyewe. Africa Theological Journal lilianzishwa Makumira mwaka 1968, na tangu mwaka 1998 mtandao wa African Journals Online umekuwa ukiyapa majarida ya bara letu nafasi ya kusomwa mbali. Tusipoandika, wajukuu wetu watatafuta habari zetu katika mashine na kuukuta ukimya uleule.

Hitimisho

Mwanafunzi wetu hakuitupa insha yake. Alikwenda Kisarawe siku ya Jumamosi na daftari mkononi. Alirudi na majina ya wazee watatu walio tayari kuzungumza naye, na ruhusa ya kupiga picha daftari moja la ubatizo. Makala zake za majarida bado anazo, na sasa anajua la kuwauliza wazee kwa sababu alizisoma. Insha haijakamilika, nami nimemwongezea muda.