Kutoka Kiti cha Utawala hadi Kiti cha Hukumu: Safari ya Jaji Warioba wa Bunda

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wanaosoma mlango wa kadhaa hutuuliza mara kwa mara: je, mtu aliyeshika utawala anafaa kukalishwa kwenye kiti cha hukumu? Historia yetu ina majibu mawili mashuhuri. Imam Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia) amepokewa kuwa aliukataa ukadhi alipotakiwa na Khalifa al-Mansur. Mwanafunzi wake, Abu Yusuf (aliyefariki 182 H/798), aliukubali, akawa Kadhi Mkuu wa Harun ar-Rashid. Mwalimu aliogopa ukaribu na watawala. Mwanafunzi aliona haki nayo inahitaji mtu wa kuisimamia.

Leo tumtazame mtu wa hapa kwetu. Si kadhi wa sharia, wala hatumpimi kwa masharti ya kadhi. Tunachotafuta katika historia yake ni mazingatio.

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita Bunda. Huko ndiko asili ya Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa mwaka 1940. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na kuzikwa mwaka 1999, iko katika mkoa huo huo wa Mara. Warioba alisoma sheria Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1966. Chini ya Mwalimu alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Muungano kuanzia 1976 hadi 1983, kisha Waziri wa Sheria. Rais Ali Hassan Mwinyi aliposhika madaraka mwaka 1985, alimteua Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais, naye akakaa hapo hadi 1990.

Kabla ya kuwa hakimu wa wengine, aliingia mahakamani kama mdai. Katika uchaguzi wa 1995 alishindwa ubunge wa Bunda na Stephen Wassira, aliyesimama kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Warioba alifungua shauri, na matokeo yakatenguliwa. Waziri Mkuu wa zamani alisimama mbele ya majaji kama raia mwingine yeyote, akileta ushahidi wake.

Mwaka 1996 akawa miongoni mwa majaji 21 wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, Ujerumani. Alihudumu hadi 1999. Katika kesi ya meli ya Saiga, iliyokamatwa na Guinea mwaka 1997, mahakama ilitoa hukumu tarehe 1 Julai 1999 dhidi ya Guinea. Warioba alikuwa katika wachache sana waliopinga, na aliandika rai yake. Baadaye, Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozinduliwa Arusha mwaka 2001, alikuwa mmoja wa majaji wake wa mwanzo.

Ndugu msomaji, hapa pana faida ya kifiqhi. Imam al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki 684 H/1285) alipambanua baina ya fatwa na hukumu ya kadhi. Mufti anakujulisha hukumu ya sharia. Kadhi anakulazimisha kuitekeleza. Rai ya Warioba katika kesi ya Saiga ilikuwa na elimu ndani yake, lakini haikumlazimisha yeyote, kwani hukumu ilikuwa ya walio wengi.

Jambo hilo lilijirudia nyumbani. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimteua kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Ajabu ni kuwa Katiba ya 1977 iliyokuwa ikipitiwa ilipitishwa yeye mwenyewe akiwa Mwanasheria Mkuu! Rasimu ya pili, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilipendekeza shirikisho la serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba halikufungwa na pendekezo hilo. Oktoba 2014 lilipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Mtu aliyewahi kutoa hukumu za kulazimisha alibaki na ushauri tu, mfano wa mufti.

Hili linatugusa. Waislamu wengi waliomba Mahakama ya Kadhi katika mchakato ule, na rasimu haikuiweka. Zanzibar inazo mahakama za kadhi kwa mujibu wa sheria. Lakini imamu wa Musoma au Bunda aletewapo shauri la mirathi, atasoma mafungu ya warithi kwa usahihi kabisa, kisha kaka mkubwa aliyeshika shamba atanyanyuka na kuondoka. Dada zake watabaki na fatwa mkononi. Imamu hakukosea, alikosa ilzamu, yaani nguvu ya kulazimisha.

Basi maimamu wasiwaahidi watu hukumu wakati walichonacho ni fatwa na sulhu. Wawaandikie wanandugu makubaliano, wayashuhudishe, na wamweleze mwanamke aliyenyimwa fungu lake kuwa mlango wa mahakama ya nchi uko wazi kwake. Jaji wa Bunda mwenyewe aliupita alipodhani amedhulumiwa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.